Swichi ya Taa na Kiti cha Ndekusura

Sogeeni. Hadithi yangu haina zimwi wala sungura. Ina swichi ya gari na watu watatu wapweke wa Moshi. Melkiori alikuwa na pua. Ujana wake wote alionja kahawa mnadani, kisha watoto wakahamia mbali na nyumba ikabaki na kikombe kimoja. Hezroni, msusi wa vikapu asiyeona, alikuwa na vidole. Bi Rukia alikuwa na masikio: zamani aliunganisha simu za mji mzima, na siku hizi simu yake mwenyewe hailii.

Sasa, Mzee Anaeli alikuwa na gari kuukuu, la mwaka ule ule aliooa. Viti vya nyuma alishaving'oa ili apakie ndizi. Vilibaki viwili vya mbele, chake na cha mkewe, Ndekusura. Kila Jumamosi mama huyo aliifuta dashibodi kwa kitambaa, mpaka maandishi ya swichi yakafutika yote. Alipofariki, mzee akataka gari ling'ae kama alivyoliacha. Akang'oa swichi ya taa, akaitumbukiza kwenye ndoo ya mafuta ya taa alimokuwa ameloweka swichi za mikweche mingine alizonunua ziwe vipuri, nazo zimechakaa hazina hata herufi. Alipozitoa, zote zilifanana! Kwenye dashibodi ilibaki swichi ya waipa za kufutia kioo peke yake, iliyokuja na gari tangu kiwandani.

"Ukikosea mwaka, mzee wangu, nyaya zitaungua," fundi umeme akamwambia. "Na nyaya za gari hili hazipatikani tena."

Mzee akatangaza kwa majirani: "Atakayeitambua swichi ya mwaka wangu atakaa kiti cha Ndekusura. Kila Jumapili tutapanda Marangu hadi kaburini kwake, tunywe chai, turudi tukipiga soga. Peke yangu siwezi. Kile kiti kitupu kinaniumiza."

Melkiori akaja kwanza. Akasugua kila swichi kwa dole gumba mpaka ikapata moto, akainusa, kisha akainusa na ile ya waipa. "Hizi ni plastiki ya juzijuzi. Plastiki ya zamani, kama ya waipa yako, ikipata moto inanuka dawa ya hospitali." Nusu ya rundo ikaondoka.

Hezroni akazipapasa zilizobaki, migongo yake na pembe zake, halafu akaingiza mkono nyuma ya dashibodi. "Zenye ukingo huu mgongoni zilimiminwa kwenye kalibu nyingine kiwandani. Ya waipa haina ukingo." Zikabaki mbili tu.

Bi Rukia akafumba macho. Akabonyeza ya waipa, akabonyeza ya kwanza, akabonyeza ya pili. Akazirudia. "Hii ya pili ni pacha wake," akasema. "Ile nyingine inachelewa kuitika."

Fundi akaifunga. Taa zikawaka, na Mzee Anaeli akalia mbele za watu bila kuona haya.

Jumapili wote watatu walifika, wamevaa nguo za kutokea.

"Mimi ndiye niliyeanza," Melkiori alisema.

"Ulianza, hukumaliza," Hezroni akamjibu.

"Jamani," Bi Rukia akasema, "mimi tangu siku ile ya swichi sijasemeshwa na mtu."

"Na sisi unadhani tumesemeshwa na nani, dada?" Melkiori akauliza.

Fundi akashauri wapeane zamu. Bi Rukia akacheka kicheko kikavu. "Zamu? Kwa umri wetu huu, nani ana hakika zamu yake itamkuta?"

"Nami kiti niliahidi kumpa mtu mmoja tu," mzee akasema taratibu. "Kiti cha mke wangu si kiti cha kinyozi, huyu akiinuka akae yule."

Gari linanguruma. Mlango wa kushoto uko wazi, na mzee ameshika usukani, hathubutu kumtazama yeyote.

Haya, nyie mliobanana hapa mkisikiliza, kila mmoja ana mwenzake ubavuni: mngesema apande nani? Na wale wawili watakaobaki barabarani, mngewaambia nini?