Paka Wanne Mezani

Nipeni masikio, maana mwishoni nitawadai hukumu.

Malindi waliishi marafiki watatu. Mbodze alimuuguza Bi Ornella, mama wa Kiitaliano aliyepooza upande mmoja wa mdomo, na yeye ndiye aliyezoea kuyasikia maneno yake. Dama aliwahi kuolewa Napoli, akayajua mafumbo ya Waitaliano. Sanita alisomesha Kiingereza.

Siku moja hoteli iliungua, na Kahindi, fundi wa umeme, akashtakiwa kuichoma. Shahidi wake alikuwa Bi Ornella peke yake. Sauti yake ilirekodiwa, ikafasiriwa kwa Kiingereza neno kwa neno, ikasomwa mahakamani: "Mchana ule tulikuwa paka wanne mezani, Kahindi mmoja wao." Hapo maneno yalikuwa hayasikiki. Kisha: "Kwa Kahindi, mimi natia mkono motoni."

Watu wakacheka. Mwendesha mashtaka akasema bibi huyo akili zimemruka. Hakimu akataka tafsiri nyingine kesho yake, ya mwisho.

Usiku ule marafiki watatu wakaichukua kazi hiyo. Mbodze akaibandika sikioni simu yenye sauti ile, akarudia na kurudia. Hakukubali kushindwa na sauti aliyoilisha uji kila asubuhi. Hatimaye akasema, "Kwenye lile pengo anasema, 'Hakuondoka mpaka king'ora cha moto kilipolia.'"

Dama akasema, "Paka wanne ni watu wachache tu. Na mkono motoni ni kiapo: namwamini mtu huyu, hata niungue."

"Tukimpa hakimu maelezo, atachoka," alisema Sanita. "Bibi lazima aongee Kiingereza kama aliyezaliwa nacho." Akaandika, akafuta, akaandika tena, mpaka kikatoka Kiingereza kisichokwaza: tulikuwa wachache mezani, Kahindi hakuondoka mpaka king'ora kilipolia, namwapia kwa uhai wangu.

Hakimu aliisoma kimya. Safari hii hakuna aliyecheka. Kahindi akaachiliwa.

Mwezi uleule mkewe, Kadzo, akajifungua binti. Akawaita wote watatu. "Niliweka nadhiri. Mtoto atachukua jina la aliyemrudisha baba yake. Jina moja tu."

"Bila mimi," alisema Dama, "wangebaki paka."

"Bila mimi," alisema Sanita, "hakimu angeielewa maana na bado asimwamini bibi."

Mbodze hakujaaliwa mtoto, na hakuna aliyewahi kuitwa kwa jina lake. Alimtazama kichanga, kisha akasema polepole, "Bila mimi, mngefasiri nini?"

Kadzo akaahirisha kutoa jina. Mpaka leo binti huyo anaitwa Mtoto.

Basi amueni, nyinyi mliosikia yote. Lau ungekuwa wewe Kadzo, ungempa jina la nani?