Fisi Aliyefuga Vikobe Vitatu

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Mmekuja kunisikiliza na njaa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, hapo sawa. Nani hashibi?

Fisi!

Nani hana haraka?

Kobe!

Na nani mdogo, ana pua ndefu, na mambo yake hayaishi?

Sange!

Basi nusu ya ngano mnaijua. Nyamazeni niwape nusu nyingine.

Hapo kale, fisi alipokuwa hajui jina la jani hata moja, kobe mmoja alitaga mayai matatu karibu na shimo la Sange. Akayafukia, akaenda zake. Ndivyo walivyo makobe, msimseme vibaya. Sange akayaona. Sange, kwa asiyemjua, ni kinyama kama panya, pua yake haitulii, na kazi yake ni kukimbia kwenye majani makavu, tipu tipu tipu. Hakuwa na mtoto. Akayapenda yale mayai. Nguchiro akija, Sange anampigia kelele. Kenge akija, Sange anamtupia mchanga. Akayalinda kiangazi kizima. Mvua ya kwanza iliponyesha, mayai yakalia ta! ta! ta! vikatoka vikobe vitatu, kila kimoja kama nusu ya ndimu.

Sange akaruka juu kwa furaha. Alipotua chini, Fisi alikuwa amesimama pale.

"Jirani," Fisi akasema, mate yanamdondoka, "hivi vimetoka wapi?"

"Vimetoka ardhini, mjomba."

"Vimetokea kwenye njia yangu. Basi ni vyangu." Akavizoa vyote kwa mkono mmoja, akapanua mdomo.

Sange mzima hafiki ukubwa wa sikio la Fisi. Amng'ate? Meno yatavunjika. Apige kelele? Nani atakuja? Basi akacheka.

"Unacheka nini, kipua wewe?"

"Nakucheka wewe, mjomba. Mtu mzima unakula mbegu! Hivyo vitatu havizibi hata pengo la jino lako. Vifuge! Kobe akikua anajaza sufuria nzima peke yake."

Fisi akafunga mdomo. Akatazama vidole vyake. Sufuria moja, sufuria mbili, sufuria tatu! Tumbo likanguruma, nguruuu.

"Lakini sijawahi kufuga," akasema.

"Nitakuelekeza."

"Bure?"

"Kwani sisi si majirani?"

Basi Fisi akawa mfugaji. Siku ileile akaviletea vikobe paja la mbuzi. Vikalitazama, vikarudisha vichwa ndani, fyu! Fisi akagonga gamba, ngo ngo ngo. Kimya. Akagonga la pili, ngo ngo ngo. Kimya.

"Jirani! Jirani wee! Vimekufa vyote!"

Sange akaja, tipu tipu tipu. "Havijafa, mjomba. Vimeingia ndani na kufunga mlango. Ondoa hiyo nyama. Kobe anakula mchunga, anakula matembele, na ua la hibiski akilipata."

"Majani?" Fisi akalitamka neno lile kama mtu aliyepewa dawa chungu.

"Majani, mjomba. Yachume asubuhi, yakiwa na umande."

Fisi akaenda kuchuma. Swala wakasimama kutazama. Ngiri akamuuliza, "Mjomba, unaumwa?" Fisi akainamisha kichwa, akachuma.

Siku ya pili akataka kuviogesha. Akajaza ndoo, akavitia, chubwi, chubwi, chubwi. Vikazama. "Vitoe!" Sange akapiga ukelele. "Hao si samaki! Maji ya vuguvugu, yafike kidevuni basi!" Fisi akavitoa, akavikausha kwa mkia wake, kimoja kimoja.

Siku ya tatu akaviacha juani mpaka adhuhuri. "Mjomba, unakausha dagaa? Jua la asubuhi, kivuli cha mchana!" Fisi akajenga kibanda cha makuti. Mlango akauweka mdogo, halafu akashinda siku nzima nje, tumbo chini, akichungulia.

Siku ya nne Sange akabonyeza gamba. "Laini hili. Linataka unga wa mfupa."

Fisi akaruka. "Mfupa wa nani?"

"Wako, mjomba. Mwingine mwenye mifupa hapa ni nani?"

Hapo, ndugu zangu, hata mimi nilimhurumia. Alikuwa na mfupa mmoja wa ng'ombe, ameuficha chini ya kitanda tangu mwaka juzi, anaunusa kabla ya kulala. Akautoa. Akautwanga, twi, twi, twi, huku machozi yanamtoka. Vikobe vikala unga wote, vikalamba na kinu.

Na kila jioni ikawa hivi:

"Jirani, vimenona?"

"Bado kidogo, mjomba."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kobe."

Kidogo cha kobe, jamani, si kidogo chenu. Mvua zikapita, vikobe vikawa kama ndimu nzima. Mavuno yakapita, vikawa kama embe dodo changa. Fisi mwenyewe akakonda, maana muda wa kuwinda aliumalizia kwenye mchunga.

Siku moja vikobe vikapotelea kwenye nyasi. Fisi akaita, "Nyie! Nyie!" Wapi! Akatambaa mpaka magoti yakachubuka.

"Vina majina?" Sange akauliza.

"Nyama ina jina?"

"Mjomba, bila jina utaviitaje vije kula? Na visipokula, vitanonaje?"

Fisi akaona kweli. "Nivipe majina gani?"

"Kwani kwenu mtoto hupewa jina la nani?"

Fisi akavimbisha kifua. Kwa kujivunia ukoo, huyo hana mfano. "Kwetu hupewa la wazee waliotutangulia."

"Basi majina unayo."

Fisi akakitazama kikobe cha kwanza. Kilikuwa na mashavu. "Huyu Mzee Makombo, jina la baba." Cha pili kilikuwa kinatafuna bila kupumzika. "Huyu Bi Sishibi, jina la mama." Cha tatu kilikuwa kinasinzia. "Huyu Babu Mameno."

Na desturi mnaijua. Mwenye jina la baba yako ni baba yako, hata kama hajaota meno. Hapa hapa kwetu kuna bwana anamwamkia binti yake shikamoo, na binti bado anabebwa mgongoni. Basi na Fisi, kila asubuhi, bila hata kufikiri: "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Shikamoo babu. Njooni mle." Nao wakazoea sauti yake, wakawa wanakuja, kwaru, kwaru, kwaru. Fisi hakufikiri. Sange alikuwa anafikiri kwa niaba ya wote wawili.

Kiangazi kikaja, kiangazi cha kweli. Mawindo yakahama. Siku tatu Fisi hajatia kitu kinywani.

"Jirani, vimenona?"

"Bado kid..."

"Wee! Hicho kidogo chako kimenichosha! Leo nakula, vimenona visinone!"

Akateka maji. Akabandika sufuria. Akachochea moto, fuu, fuu, fuu.

Sange akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alitafuta neno, neno hakuliona. Vikobe vyake vile, alivyovilinda vikiwa mayai, leo viwe mchuzi! Akageuka akakimbia, tipu tipu tipu tipu, hakupumua mpaka kwa Shangazi Fisi, mkubwa wa ukoo, mwenye sauti ya kuangusha nazi.

"Shangazi, shikamoo. Kuna sufuria motoni kwa mwanao."

"Ina nini?"

"Njooni mwone."

Fisi ukimwambia kuna sufuria, hakuulizi njia. Wakaja mafisi kumi, na sahani zao mikononi.

Fisi alipowaona alitamani ardhi ipasuke. "Karibuni," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema ondokeni.

"Tumekaribia. Nyama iko wapi?" Shangazi akauliza.

Nyama ilikuwa imejificha kwenye kibanda, na mlango ni mdogo, mkono wa Fisi haupiti. Njia ilikuwa moja. Akainama, akaita kwa sauti ya chini:

"Mzee Makombo. Bi Sishibi. Babu Mameno."

Kwaru, kwaru, kwaru. Wakatoka watatu, shingo zimenyooka, wakijua ni chakula.

Sahani ya Shangazi ikaanguka, kangara!

"Umemwita nani?"

Fisi akameza mate. "Huyu... Mzee Makombo."

"Kaka yangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na huyu ni wifi yangu? Na huyu ni baba yangu mzazi?" Shangazi akapiga magoti. Machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu. "Miaka yote hii ukoo mzima hakuna aliyewakumbuka wazee hawa! Nimekuwa nikisema huyu mtoto mlafi, mchoyo, hana haya. Nisamehe, mwanangu! Tazameni, jamani, anavyosinzia. Baba mtupu!"

Mafisi kumi wakapanga foleni. "Shikamoo babu. Shikamoo babu. Shikamoo babu."

Halafu Shangazi akafuta macho, akaigeukia sufuria. Inatokota, bwata bwata bwata.

"Na hii je?"

Mafisi kumi wakamtazama Fisi. Fisi akaitazama sufuria. Nawaambia, kama Shangazi angejua, siku ile angepikwa mwingine.

"Maji ya kuoga hayo, shangazi," Sange akasema, pua inacheza. "Mjomba huwaogesha wazee wake kila asubuhi. Hapa anasubiri yapoe yawe vuguvugu."

"Ni kweli?"

"Ni... ni kweli," Fisi akasema. "Yafike kidevuni basi. Hao si samaki."

Akayapoza, akawaogesha mbele ya ukoo mzima. Na wakati anamwosha Bi Sishibi shingoni, Bi Sishibi akanyoosha kidevu, akakilaza juu ya mkono wa Fisi, akafumba macho. Hakuna kiumbe aliyewahi kufumba macho mbele ya Fisi bila hofu. Fisi akapangusa macho kwa mkia. Akasema ni moshi. Haukuwa moshi. Alifurahi, basi, alifurahi mpaka akasahau njaa, na fisi kusahau njaa si jambo dogo.

Kabla hawajaondoka, Shangazi alimtuma mmoja nyumbani kwake alete mguu mzima wa nyati wa akiba, akamwachia Fisi, akasema anayewalea wazee hawezi kulala njaa. Akasema pia atakuwa anakuja kila Ijumaa kuwatazama, na akikuta gamba lina mkwaruzo, atajua la kufanya.

Tangu hapo Sange analala mpaka jua liwe utosini, watoto wake wanatunzwa na mwenye misuli. Na Fisi? Mpite njia ile mmwone. Juzi juzi Nguchiro alimwinua Mzee Makombo miguu juu, akimdadisi. Fisi akamfokea: "Mweke chini! Unamgeuza mtu tumbo juu, wewe ulifundishwa na nani? Nawe kama unataka kufuga, uniulize mimi. Jua la asubuhi, kivuli cha mchana, majani yenye umande. Nyama usimpe, unamuua! Vijana wa siku hizi mnafuga tu, hamjui kitu."

Ngano yangu imerudisha kichwa ndani, fyu, hata mkigonga haitoki.

Mnataka mafunzo? Mafunzo haya hapa. Wazee walisema fisi hakabidhiwi bucha. Walikosea. Mkabidhini bucha fisi, mkabidhini na ufunguo, mkalale. Ila kwanza kila pande la nyama mlipe jina la mama yake.