Bi Nungu na Viboko Wasiopiga Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na nyumba!

Na nyumba ina nini?

Ina mlango!

Basi wa nyuma sogeeni, na wewe uliyeegemea nguzo usisinzie, maana hadithi yenyewe ni ya mlango.

Zamani, zamani sana, wakati wanyama wakilima na kupika kama sisi, palikuwa na bonde likiitwa Mwarika. Katikati ya bonde palikuwa na bwawa, na kando ya bwawa, penye udongo mwekundu, palikuwa na nyumba ya Bi Nungu. Mama yake ndiye aliyeichimba kwa kucha zake mwenyewe. Bi Nungu alizaliwa humo, akaolewa humo, akafiwa na mumewe humo. Ukitaka kumuudhi, isemee vibaya nyumba ile.

Watu wa Mwarika (ni wanyama, lakini mimi nawaita watu) walikuwa na desturi moja waliyoishika kuliko zote. Huingii kwa mwenzako bila hodi. Unapiga ya kwanza, unangoja. Unapiga ya pili, unangoja. Unapiga ya tatu, na kama hukujibiwa unageuka unakwenda zako, wala huna kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki ya kunyamaza. Hata Fuko, anayetokea chini ya ardhi, alikuwa akigonga udongo kwa pua kwanza.

Siku moja wakaja viboko. Walitoka ng'ambo ya mlima, thelathini na zaidi, na mbele yao mkubwa wao aliyeitwa Domo. Hawakupiga hodi. Walipita katikati ya mtama wa watu, wakaingia bwawani, wakajaa tele. Juu ya mgongo wa Domo alisimama Yangeyange, yule ndege mweupe. Huyu alikuwa mzaliwa wa Mwarika, na utotoni alikunywa uji wa Bi Nungu mpaka akavimbiwa. Sasa alikuwa msemaji wa viboko. Akawaambia watu kwamba wageni wamechoka, watapumzika mpaka mvua.

Mvua ikaja, ikaisha. Viboko wapo.

Yangeyange akaleta amri ya kwanza: mtama ung'olewe, yapandwe matete, kwa kuwa Bwana Domo anapenda matete. Watu wakanung'unika, wakapanda matete. Akaleta amri ya pili: kila nyumba itoe mtu mmoja, wajenge ua kuzunguka bwawa, kisha wachimbe mfereji wa kupeleka maji kwenye matete. Watu wakanung'unika, wakajenga, wakachimba. Aliyechelewa kazini alikaliwa. Msicheke. Kukaliwa na kiboko si mchezo. Mzee Kobe alikaliwa mara mbili, na gamba lake likapata zile nyufa mnazoziona mpaka leo.

Bi Nungu alichimba mfereji pamoja na wenzake. Alivumilia, kwa sababu jioni alikuwa akirudi kwake, anafunga mlango, anakoroga uji wake kwa mwiko wa mama yake. Alijiambia kwamba bwawa limekwenda, mtama umekwenda, lakini nyumba ipo.

Siku ya amri ya tatu hapakuwa na amri. Domo mwenyewe alikuja mchana, amechoshwa na jua, akasukuma mlango wa Bi Nungu kwa kichwa mpaka ukawa mpana kama zizi. Akaingia. Bi Nungu alikuwa jikoni. Akamgeukia, akasema.

"Kwetu mtu hupiga hodi, Bwana."

Domo akamuuliza Yangeyange hodi ni kitu gani. Yangeyange akamweleza, huku akitazama pembeni. Domo akacheka mpaka vumbi likadondoka darini.

"Mwambie hodi hupigwa na wasio na nguvu," akasema.

Kisha akajilaza pale pale, juu ya mafiga, na uji wote ukamwagika. Bi Nungu alitoka na mwiko mkononi, hana kingine. Alikwenda kukaa kwa jirani yake, Mzee Ngiri, na njiani alilia kwa sauti, hakujificha. Basi asije mtu akawaambia vita vya Mwarika vilianza kwa ajili ya matete. Vilianza kwa ajili ya mlango ule.

Mzee Ngiri aliwakusanya watu. Alikuwa na pembe mbili nzuri na hasira nyingi. Alisema watakwenda asubuhi, viboko wakiwa wanasinzia majini, wawavamie wote kwa pamoja. Wakakubali. Wakajipanga, Ngiri mbele, swala nyuma yake, nungu pembeni. Wakanyata hadi kwenye ua. Viboko walikuwa wanakoroma. Hakuna aliyewaona, hakuna aliyewasikia. Wakafika langoni.

Mnajua alichofanya Mzee Ngiri?

Alipiga hodi.

Akaipiga vizuri, kwa sauti ya kikubwa, kama alivyofundishwa na baba yake. Na jeshi zima likasimama nyuma yake, kimya, likingoja kukaribishwa.

Walikaribishwa. Viboko waliamka, wakatoka majini kama maporomoko. Mzee Ngiri alivunjwa pembe moja. Swala wawili hawakurudi nyumbani, na mama yao alikuwa akiwaita mpaka jua linazama. Jioni watu walimuuliza Ngiri kwa nini. Naye, maskini, akasema hajui, ulimi ulisema wenyewe.

Hapo yakatokea maneno. Vijana wakasema hodi ndiyo iliyowaponza, hodi ni ugonjwa, kuanzia sasa mtu aingie tu kama viboko wanavyoingia. Bi Nungu hakupenda.

Wakaenda mara ya pili. Safari hii walivunja ua upande wa nyuma, wakaingia kimya kimya bila kumjulisha yeyote. Viboko wakashtuka, vumbi likapanda, na ndani ya vumbi lile hakuna aliyejua nani ni nani. Kwao Mwarika mtu hutambuliwa kwa hodi yake. Hodi ya Ngiri nzito, ya Kanga ya haraka haraka, ya Fuko haisikiki vizuri. Sasa wote wamenyamaza. Ngiri akamchoma Swala ubavuni. Nungu wakamjeruhi Ngiri. Viboko hawakufanya kazi kubwa siku ile, walikaa wakatazama.

Kina Ngiri waliporudi, wakiwa wamefungwa majani kwenye vidonda, wengine walianza kusema wahame, waliache bonde. Bi Nungu alisimama na mwiko wake. Tangu afukuzwe hakuwa amesema mbele ya watu.

"Mimi sihami," akasema. "Mara ya kwanza tuliwapigia hodi wao. Mara ya pili tukaacha kupigiana hodi sisi. Makosa ni mawili na yote yetu. Hodi ni yetu, tutaitumia tunavyotaka."

Kisha akawaeleza. Akamuuliza Fuko ni nani aliyechimba mfereji. Fuko akasema ni sisi. Akauliza ni nani ajuaye pale ukingo wa bwawa ulipo mwembamba. Fuko akatabasamu, na Fuko si mtu wa kutabasamu.

Mara ya tatu wakaenda saa sita ya mchana, jua la utosi, wakati ngozi ya kiboko haivumilii kuwa nje ya maji.

Swala akaenda langoni, akapiga hodi. Viboko wakasikia. Wakaambizana kwamba wale wajinga wamerudi na adabu zao, wakatoka majini wakicheka, wakakimbilia langoni. Hapana mtu. Swala alikuwa mbali.

Kanga akapiga hodi upande wa nyuma. Viboko wakageuka, wakakimbia wakiwa wanakanyagana. Hapana mtu.

Mzee Ngiri akapiga hodi upande wa matete, ile ile ya kikubwa, na safari hii aliipiga kwa raha. Viboko wakakimbia tena, ngozi zimeanza kuwasha, na wote walikuwa wakitamani maji tu. Wakarudi bwawani. Lakini Fuko na ndugu zake walikuwa wameshatoboa ukingo, na maji yalikuwa yakishuka mferejini kwa kelele kuelekea mashamba ya zamani. Bwawani lilibaki tope.

Ndipo hodi zikatoka kila upande, za Ngiri, za swala, za kanga, za nungu. Vumbi lilipanda kama siku ile nyingine, lakini kila mmoja alimjua mwenzake kwa sauti, na aliyekosa hodi alijulikana ni kiboko. Viboko wakachomwa, wakadungwa, wakababuliwa na jua. Wakavunja ua, wakashika njia ya mlimani.

Domo peke yake hakutoka. Alikuwa amelala kwenye ubaridi wa nyumba ya Bi Nungu. Kanga akamuuliza Bi Nungu kama ampigie hodi huyu naye.

"Kwangu sipigi hodi," akasema Bi Nungu.

Akageuka, akaingia kinyumenyume, kama nungu wanavyopigana. Domo aliona mgongo akadhani mama huyu ameogopa, anakimbia. Akasogeza pua amcheke kwa karibu. Miiba kumi na saba ilimwingia puani. Alitoka mle ndani kwa kasi ambayo hakuwahi kuitumia tangu azaliwe.

Sitawadanganya, vita havikuisha siku ile. Viboko walirudi mvua iliyofuata, na iliyofuata tena, na watu walikufa. Lakini tangu mchana ule hakuna aliyesema tena habari ya kuhama. Mtama ukapandwa. Bi Nungu akaupiga mlango wake udongo mpya, akaurudisha ulivyokuwa.

Basi mwaka wa kiangazi kikali, ng'ambo ya mlima kulikauka. Bi Nungu alikuwa jikoni anakoroga uji. Akasikia nyayo nzito zikisimama nje. Zikasimama tu, haziingii. Akachungulia kwenye ufa. Ni Domo, peke yake na Yangeyange, ngozi imepasuka, pua ina makovu kumi na saba.

"Hodi," akasema Domo.

Bi Nungu akakoroga uji.

"Hodi."

Akakoroga. 

"Hodi," akasema Domo mara ya tatu, kwa sauti ndogo.

Bi Nungu alionja uji, akaongeza kuni. Huko nje, Domo akamuuliza msemaji wake kwa nini hajibiwi, na mama yule yumo ndani, harufu ya uji anaisikia.

"Zimetimia tatu, Bwana," akasema Yangeyange. "Sasa tunaondoka."

Wakaondoka.

Na ninyi mlionisikiliza, shikeni hili. Msimwone mtu ana adabu mkadhani hana nguvu, na msikubali kuiacha adabu yenu kwa sababu kuna asiyeijua. Na popote mtakapoikuta nyumba ya watu, hata iwe ndogo, jueni ina mwenyewe.

Hadithi yangu nimeirudisha mlangoni. Anayeitaka aipigie hodi, na asiyeitaka anyamaze, ni haki yake.