Umwandikaye, Msomee

Umwandikaye, msomee. Ndivyo alivyosema mjomba wenu leo kwenye kikao cha harusi, pale katibu alipoanza kuandika kwamba Tumsifu amekataa kusimamia mapishi, na Tumsifu mwenyewe ameketi palepale. Nimewaona mkitazamana. Sasa mnaniuliza ni wahenga gani waliotunga maneno hayo, maana wahenga hawakuwa na makatibu. Mna haki ya kuuliza. Si kila methali imetoka kwa watu waliokufa. Hii ilitungwa na watu niliowapikia kwa mikono yangu, na chanzo chake ni hiki.

Kabla magoti hayajanishinda, nilikuwa mpishi katika makao ya wazee ya Kirongwe, huku huku kwetu Upareni. Ni mahali pa baridi na ukungu, kwa hiyo ugomvi mkubwa wa wazee ulikuwa nani alale karibu na dirisha linaloingiza jua. Wauguzi walikuwa wachache. Kila zamu ilipoisha waliingia ofisini, wakafunga mlango, wakaanza kuandika kwenye daftari kubwa: nani amekula, nani amekunywa dawa, nani anaanza kuota kidonda mgongoni. Kazi hiyo iliwachukua muda mrefu. Wazee nao walikuwa wakigonga vijiko kwenye vikombe, wakitaka kusaidiwa kwenda msalani, na wa kuwasikia nilikuwa mimi tu, mikono imejaa unga.

Ndipo akaja muuguzi mkuu mpya, dada mmoja aitwaye Elinaja. Alikuwa mwepesi wa miguu na wa moyo pia, akitembea huku anaimba kwa sauti ya chini. Aliona ule mlango uliofungwa, hakuupenda. Akawaandikia wafadhili, akawasihi, mpaka vikaletwa vishikwambi. Tangu hapo muuguzi hakuwa na haja ya kukaa ofisini. Alikwenda na kishikwambi chake hadi kitandani, akagusa kioo, na habari ya mzee ikaingia. Daktari wa mjini, ambaye alipanda kwetu mara chache kwa sababu ya ubovu wa barabara, aliweza kuisoma siku hiyo hiyo akiwa kwake. Vijiko vikaacha kugongwa. Nilifurahi, na wauguzi walifurahi kuliko mimi.

Wazee ndio waliokuwa na neno. Mzee Mbonea aliamini anapigwa picha, basi kila alipoona muuguzi anakuja na kishikwambi alivaa koti na kofia, akaketi wima kama anayekwenda kuposa. Bibi Nankondo yeye hakujisumbua na koti wala kofia. Alikuwa ameuza tangawizi sokoni maisha yake yote, akibishana na matajiri wa malori, na ulimi wake ulikuwa haujazeeka. Alisema watu wa siku hizi wanauguza vioo.

Hakusema uongo. Wasichana wale walikuwa wageni wa vile vyombo, wakiogopa kukosea, kwa hiyo waliuliza swali huku wameinama na kidole kiko tayari. Umelalaje, bibi? Umekula? Leo siku gani? Bibi Nankondo akawa ama hajibu, ama anajibu atakavyo. Kisha akaanza kukataa kidonge chake cha presha cha asubuhi. Kwenye kishikwambi palikuwa na mahali pa kugusa amekubali, na mahali pa kugusa amekataa. Mahali pa kuandika sababu palikuwa padogo, chini kabisa, na Elinaja alipajaza kwa haraka akiwa na wazee wengine wanaomsubiri.

Asubuhi kadhaa zikapita hivyo. Daktari akasoma kule mjini, akaingiwa na wasiwasi, akaagiza Bibi Nankondo ahamishiwe upande wa pili. Huko walikaa wazee waliopoteza kumbukumbu, na mlango wake ulifungwa ili wasitoke wakapotea. Agizo lilikuwa la kumlinda. Lakini mtu mwenye akili zake akae na wasiomkumbuka hata jina, azungumze na nani?

Elinaja alikuja kumwambia baada ya chai ya saa nne. Nilikuwa nakusanya vikombe, nikaona uso wake hauna ule wimbo. Alimweleza kwa upole kwamba daktari ameona ni vyema ahame, na kwamba atamsaidia kufunga vitu vyake.

Bibi Nankondo hakupandisha sauti. Akauliza, "Daktari hajaniona tangu mvua ziishe. Ameonaje?"

"Amesoma tulichoandika, bibi."

"Mmeniandikaje? Nisomee."

Elinaja alisita, kisha akasoma: "Amekataa dawa. Mkaidi. Anaonekana amechanganyikiwa."

"Umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi, bibi."

"Kukataa, nimekataa. Ukaidi, hata marehemu mume wangu alilalamika. Lakini huko kuchanganyikiwa umekutoa wapi?"

"Nilikuuliza leo siku gani, ukaniambia ni siku ya gulio la nyani."

Mzee Mbonea akacheka mpaka kofia ikaanguka. Bibi Nankondo hakucheka. "Uliniuliza umekiinamia hicho kioo, mwanangu. Nami nikakijibu kioo. Ungenitazama ningekwambia ni Jumatano, na kwamba mama yako alipokea mjukuu wiki iliyopita, maana ulituambia mwenyewe."

Elinaja akaketi kitandani kwa bibi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona ameketi. Akauliza, akimtazama usoni, "Kwa nini unakikataa kidonge, bibi?"

Hapo ndipo maneno yalipotoka. Kidonge kilikuja alfajiri, kabla ya uji. Kila alipokimeza, akisimama kwa sala ya asubuhi nyumba ilimzunguka, akashika ukingo wa kitanda. Rafiki yake Nambike alianguka hivyo hivyo, akavunjika nyonga, hakuinuka tena. Kwa hiyo kati ya presha na kuanguka, yeye alikuwa amechagua presha.

Elinaja akaweka kishikwambi katikati yao, akafuta, akaandika upya, akasoma kwa sauti kwamba bibi anaogopa kizunguzungu. "Sikusema naogopa," bibi akamkatiza. "Nimesema sitaki kuanguka." Likafutwa, likaandikwa vile. Akasomewa tena, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Sasa huyo ndiye mimi."

Mchana daktari akapiga simu. Akataka bibi apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, ikaonekana inashuka sana akisimama. Akapunguza dawa, akaagiza inywewe baada ya uji. Habari ya kuhama ikafa palepale. Hakuna kilichofungwa, na bibi akabaki na nafasi yake karibu na lile dirisha la jua, ambalo Mzee Mbonea alikuwa ameshaanza kulinyemelea.

Tangu siku hiyo hakuna mzee aliyekubali kuandikwa kimyakimya. Mzee Mbonea alisomewa kwamba amekula vizuri, akapinga, akasema iandikwe kwamba makande yalizidi chumvi. Elinaja akanitazama, nikatazama upawa wangu. Likaandikwa. Daktari alipopanda tena, kabla hata ya salamu kwisha, aliniuliza kama chumvi imepungua.

Kila muuguzi mgeni alipofika, Bibi Nankondo ndiye aliyemfundisha kazi, kwa maneno mawili tu. Na yalitoka nje ya makao siku walipokuja wakaguzi. Walizunguka, wakachungulia, wakaandika vyao wamesimama mlangoni, kisha wakaaga. Bibi akawaita kutoka kitini kwake, akawaambia maneno yale yale. Mkubwa wao alitahayari kidogo, halafu akarudi, akavuta kiti ukumbini, akasoma yote. Wazee wakamsahihisha mawili matatu, naye akasahihisha. Nadhani huyo ndiye aliyeyashusha maneno hayo bondeni, maana baadaye niliyasikia sokoni kwa watu ambao hawajawahi kumwona Bibi Nankondo.

Basi ukiwa na neno juu ya mtu, liwe kwenye karatasi, liwe kwenye kioo, liwe mdomoni, mpelekee mwenyewe alisikie kabla halijafika kwa wengine. Huenda akakuongezea sababu usiyoijua. Umwandikaye, msomee.