Ngiri Alipowapeleka Wenzake Jabalini

Paukwa!

Pakawa!

Chungu kiko wapi?

Mekoni!

Na wenye kula?

Wamekizunguka!

Haya, zungukeni basi. Na mikono isikae bure, nataka kunde hizi zote zitoke magandani kabla hadithi haijaisha. Wewe Mashavu, ukilala nitakuruka nikipakua. Mimi si mtu wa kubembeleza.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kupika kama sisi, walikuwapo marafiki watatu: Ngiri, Kanga na Nungunungu. Enzi hizo Ngiri alikula amesimama, kama mnyama mwingine yeyote. Kanga alikuwa na kishungi kichwani, manyoya meusi yenye kumeta, na alikipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Nungunungu alitembea mchana kweupe, akipiga hodi na kusalimia kila nyumba. Mnaguna? Ngojeni.

Watatu hawa walikuwa wakila kikoa. Leo anapika huyu, wote wanakula kwake. Kesho anapika yule, wote wanakwenda kwake. Zamu ya Ngiri ilikuwa magimbi ya kuchoma. Zamu ya Kanga ilikuwa kunde kwa nazi. Zamu ya Nungunungu ilikuwa boga la kuchemsha. Magimbi, kunde, boga. Magimbi, kunde, boga. Hakuna aliyechoka, na chungu kilirudi jikoni kikiwa cheupe.

Shamba lao lilikuwa moja, na mbegu zao za kunde zilikuwa kibuyu kimoja. Kibuyu hicho kilikaa kwa Ngiri. Ngiri alipikia kuni za mkwaju, na moshi wake haukuruhusu mdudu kusogelea mbegu. Basi kikaning'inizwa juu ya meko yake, na wenzake hawakuwahi kwenda kukichungulia. Walimwamini, yakaisha.

Sasa alikuwapo Fungo. Mnamjua Fungo, yule mwenye zabadi, harufu inayotoka mwilini mwake na kukaa mahali hata mwenyewe akishaondoka. Fungo alifungua hoteli juu ya jabali. Akapaka zabadi kwenye mwamba wa mlangoni, na upepo ukafanya kazi iliyobaki.

Siku ya kwanza Ngiri alipita chini ya jabali. Akanusa, akaenda zake.

Siku ya pili akapita. Akanusa, akasimama, akaenda zake.

Siku ya tatu akapita. Akanusa, akasimama, na Fungo akatoka nje kumsalimia. Akamwuliza habari za nyumbani, akamwuliza habari za shamba, kisha akamwuliza leo zamu ya kikoa ni ya nani. Ngiri akajibu kwamba ni yake. Fungo akataka kujua atawapa nini wageni wake, na Ngiri akasema magimbi.

Fungo hakucheka. Angecheka, Ngiri angekasirika akaenda zake, nasi saa hizi tungekuwa tumelala. Fungo alimwonea huruma.

"Magimbi tena," akasema polepole. "Na jinsi wenzio wanavyokupenda."

Maneno hayo tu. Ngiri akafika nyumbani, akayatazama magimbi yake, na kwa mara ya kwanza akayaona meusi, yana udongo, yana mizizi kama ndevu. Akaona haya. Magimbi yale yale aliyokula tangu utotoni.

Akarudi jabalini kuuliza karamu ya watatu inalipiwa kwa kitu gani. Fungo hakutaka magimbi wala ahadi. Alitaka kibuyu cha mbegu. Ngiri akajiambia kwamba mvua bado ziko mbali. Akajiambia kwamba atatafuta mbegu nyingine kabla hazijafika, wala hakuna atakayejua. Akakitungua kibuyu juu ya meko, akatundika kingine kitupu mahali pake, akajitwika, akaenda. Kizibo kilikuwa kimelegea, na mbegu zikawa zinadondoka njiani, moja hapa, nyingine pale. Ngiri alizisikia. Hakugeuka nyuma, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuonekana mkubwa.

Jioni akawapeleka wenzake jabalini. Wakakalishwa juu ya mito laini. Fungo akaleta jani pana kama ungo, na katikati ya jani kulikuwa na chakula cha kujaza kiganja. Akakitaja jina lake, jina refu, Ngiri akalisahau kabla halijaisha. Wakala. Nami sitawadanganya, watoto: kilikuwa kitamu. Mwongo akikwambia cha ghali si kitamu, usimsikilize. Kanga alifumba macho. Nungunungu alinyamaza, na Nungunungu si mtu wa kunyamaza.

Kisha kikaisha. Wakashuka jabali na njaa yao, wakamsifu Ngiri njia nzima. Walimwita mwungwana. Na Nungunungu, walipoagana, alifukua muhogo nyuma ya nyumba yake akautafuna mbichi, lakini hilo hakumwambia mtu.

Ikaja zamu ya Kanga. Kanga alikuwa ameshabandika kunde, tui la nazi limeshachujwa. Akazitazama, akakumbuka ile mito laini na lile jani pana, akaona haya kama Ngiri alivyoona haya. Akafunika chungu. Wenzake walipofika akawaambia leo hawali pale, leo wanapanda jabalini.

Wakapanda. Wakaketi. Fungo alikuwa na kawaida yake: anayemjua humlipisha mwisho. Akaleta jani pana, na juu ya jani viduara vidogo, vimepondwa, vimekaangwa, vimepambwa kwa maua. Akakiita chakula hicho Lulu za Jabalini.

Ngiri akatia kimoja kinywani. Akatafuna, akaacha kutafuna.

Chini ya zabadi, chini ya maua, chini ya mafuta, alikutana na moshi wa mkwaju. Moshi wa meko yake mwenyewe. Zilikuwa mbegu zao. Zile zile za shamba lao la pamoja, na Kanga alikuwa anakaribia kuzilipia mara ya pili.

Ngiri akamtazama Kanga. Kanga alikuwa anakula kwa furaha, kishungi kinatikisika. Bado hajalipa. Lilikuwa neno moja tu, nalo lilimfikia Ngiri mpaka ulimini. Lakini ukisema hizi ni mbegu zetu, utaulizwa zimefikaje hapa. Ngiri akalimeza neno pamoja na tonge.

Mbona hakusema? Umeuliza vizuri, Mashavu, kumbe huna usingizi. Alikuwa ameitwa mwungwana, na jina hilo lilikuwa bado jipya kwake. Ndivyo alivyokuwa mjinga.

Walipomaliza, Fungo akamwita Kanga nyuma. Alitaka kishungi chake na manyoya ya shingoni, ya kutilia mito yake. Kanga akasitasita, lakini wageni wake walikuwa wameshakula, angefanya nini? Akajiambia ni manyoya tu, yataota. Akatoka huko amejifunika jani kichwani, anacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kinatetemeka. Nungunungu akamsifu. Ngiri akatazama chini.

Manyoya yale hayakuota. Mpaka leo mtazameni kanga, kichwa kitupu na shingo tupu.

Ikaja zamu ya Nungunungu. Yeye hakuwa na mbegu, hakuwa na kishungi. Alikuwa na boga. Ngiri na Kanga wakaenda kwake kama kawaida, wakapiga hodi. Kimya. Wakapiga hodi tena. Kimya. Wakapiga hodi mara ya tatu, na kutoka ndani ya shimo ikawajia harufu ya boga lililoiva vizuri, na sauti ya mtu anayejizuia kulia.

Alikuwa amepika. Alikuwa amepakua sehemu tatu. Lakini aliona haya kulitoa boga mbele ya watu waliozoea lulu, akalila peke yake gizani, lote, bila hamu. Siku iliyofuata akaona haya kutoka, na siku iliyofuata vilevile. Tangu hapo Nungunungu hatoki mpaka watu wawe wamelala, na hapigi hodi kwa mtu.

Kikoa kikafa hivyo. Hawakugombana, hawakutukanana. Kila mmoja alifunga mlango wake kwa sababu alidhani wenzake wanataka zaidi ya alichonacho.

Kisha mvua zikashika.

Kanga akaja kwa Ngiri na jembe begani na jani lake kichwani. Akasema amefuata mbegu. Ngiri akapanda juu ya meko, akashusha kibuyu, akakigeuza. Hakikutoka kitu. Akajifanya kushangaa. Akasema labda zimemwagika, akapiga magoti, akaanza kupapasa majivu, akapapasa chini ya mafiga, akapapasa pembeni mwa ukuta. Kanga alisimama mlangoni akimtazama. Ngiri akapapasa mpaka hakukuwa na mahali pa kupapasa, na hakuweza kuinuka kwa sababu akiinuka itabidi amtazame usoni.

Akasema yote palepale, akiwa amepiga magoti. Kibuyu, kizibo kilicholegea, jabali, mito laini. Akasema na habari ya zile lulu.

"Ulijua tangu lini?" Kanga akamwuliza.

"Tangu tonge la kwanza."

"Nami nilikuwa na kishungi changu bado."

"Ulikuwa nacho."

Kanga akateremsha jembe begani. Kisha akamwuliza jambo ambalo Ngiri hakulitarajia. Akamwuliza kama kile chakula cha siku ya kwanza, kile chenye jina refu, anaukumbuka utamu wake.

Ngiri alijaribu. Kwa kweli alijaribu, maana alitaka angalau hicho kiwe kimebaki. Alikumbuka ungo wa jani. Alikumbuka alivyositasita kuketi juu ya ile mito. Utamu haukuja. Kilichomjia mdomoni ni kunde za Kanga, zile za kila zamu, na mvuke wa tui, na Nungunungu akigombania ukoko.

"Siukumbuki," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Kanga akatoka. Akafuata njia ya jabalini, akichakura chini kwa makucha, na mbegu zilizodondoka kwenye kizibo kilicholegea akaziokota moja moja, nyingine zimeshachipua kwenye tope. Hazikujaza hata kifuu cha nazi. Akazipanda peke yake, akazipalilia peke yake. Mpaka leo kanga anachakura njiani, hawezi kuamini kwamba ameshaziokota zote.

Kunde zilipokomaa, Ngiri alisikia harufu ya tui. Akaenda. Hakupiga hodi, alisimama uani mwa Kanga kama mgeni. Alitaka kitu kimoja tu, aitwe ndani, akae pale alipokuwa akikaa, waanze upya. Kanga akamwona. Hakumfukuza. Akapakua kunde za kutosha, moto, na nazi yake, akatoka nazo, akaziweka chini mbele yake juu ya jani.

Kisha akarudi ndani, akala chake na watoto wake, akaurudisha mlango.

Ngiri akatazama kile chakula. Akapiga magoti ya mbele, kama siku ile ya majivu, akala. Zilikuwa tamu kuliko kitu chochote cha jabalini. Tangu siku ile hajawahi kula amesimama. Mkipita porini mkamwona amepiga magoti kwenye nyasi, msidhani anatafuta mizizi tu. Anaomba msamaha kwa mtu aliyekwisha kumlisha lakini hakula naye.

Funzo mnalitaka? Sikuwaambia msile vizuri. Mkipata, kuleni, hata huko jabalini, na mfurahi. Lakini ukimkaribisha mwenzio, mpe ulichonacho, wala usiuze kilicho chenu nyote ili wewe uonekane. Na ukiona mwenzio analipia kosa lako, sema akiwa bado hajalipa. Ukichelewa, anaweza kukupakulia mpaka ushibe, lakini hutakaa naye tena.

Haya, kunde zimekwisha kutoka magandani? Hebu nione. Mashavu, piga hodi hapo jirani, mwambie mama Zubeda tunakula kunde, aje kama alivyo.

Hadithi yangu nimeiepua. Utamu wake tugawane sote. Ukoko wake mchungu niachieni mimi niliyeipika.