Ngoma ya Fundi Nyani na Mikono ya Ngedere

Paukwa!

Pakawa!

Hao ni wachache. Ninyi wa nyuma mmemeza ulimi? Paukwa ngoma!

Pakawa mpigaji!

Haya. Yashikeni hayo mawili, ngoma na mpigaji. Maana yupo aliyeishika ngoma akamtupa mpigaji, na nikimkumbuka mpaka leo damu inanichemka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana kwa ngoma, aliishi Nyani. Nyani alikuwa fundi wa ngoma. Alikuwa na ngoma moja kubwa, na sauti yake ilivuka mto ikawaita watu walioko mashambani.

Ngoma ile ilitunzwa, jamani. Kabla ya kulia ilipashwa moto taratibu mpaka ngozi ikakaza. Ikishalia ilipakwa mafuta. Ikishapakwa mafuta ililazwa mkekani ikafunikwa shuka. Ukipita karibu unapiga kelele, Nyani anakwambia nyamaza, ngoma imelala.

Na Nyani mwenyewe, alipiga? Wapi. Alipiga ujanani. Sasa alikaa juu ya jiwe akifundisha. Akakaa, akakaa, mpaka akaota sugu kule nyuma, mnapajua. Mikononi hakuwa na sugu hata moja.

Mwanafunzi wake alikuwa binti Ngedere. Binti huyo alikuwa na mikono myepesi, na akipiga hata vikongwe walitikisa mabega. Basi Mzee Pofu, yule mwenye pembe ndefu, akawa anamwoza mwanawe wa kiume, na Nyani akamwahidi: "Ngedere wangu atapiga harusi yote." Alisema wangu, kama unavyosema jembe langu.

Ndipo mazoezi yakaanza. Jogoo akiwika, Ngedere anapiga. Jua likifika utosini, Ngedere anapiga. Haanzi polepole mikono ipate joto. Haachi akanywa maji. Ni nguvu tangu pigo la kwanza.

Siku ya kwanza Ngedere akasema, "Fundi, viganja vinawaka."

Nyani akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Piga."

Ngedere akapiga.

Siku ya pili akasema, "Fundi, vidole vimevimba, havikunjiki."

Nyani akasema, "Mchumia juani hulia kivulini. Piga."

Ngedere akapiga.

Siku ya tatu akasema, "Fundi, ngozi imepasuka. Jana nilishindwa kushika tonge. Naomba mafuta kidogo."

Nyani akakiangalia kibuyu cha mafuta, akamwangalia Ngedere. "Mafuta haya ni ya ngoma. Mvumilivu hula mbivu. Piga."

Mnamsikia? Methali tulizoachiwa na wazee zituongoze, yeye kazifanya bakora. Na kila moja ni ya kweli, hapo ndipo ninapochukia zaidi. Alikuwa anamchapa mtoto wa watu kwa maneno ya kweli.

Sasa, jirani yake Ngedere alikuwa Mama Kanga, mwitikiaji wa nyimbo, na methali zile alikuwa amezisikia zote. Jioni ya kuamkia harusi alipita kumjulia hali. Akamkuta Ngedere ameinamia sahani, anakula kwa mdomo, mikono kaificha nyuma.

"Mwanangu, mikono ina nini?"

"Imechoka tu, mama. Kesho nitapiga. Nisipopiga, Fundi atasema mimi mvivu."

Mama Kanga akaitazama ile mikono, mmoja, kisha wa pili. "Ukipiga kesho," akasema, "hutapiga tena maisha yako yote."

Hakulia. Alikwenda kwa Nyani, akakuta mwenyewe katoka, kaenda kushonesha kilemba cha harusi. Akaivua ngoma shuka lake, akaitoa mkekani, akaibeba mpaka uwanja wa harusi, akaiacha hapo ipigwe na umande.

Asubuhi wageni wakajaa. Nyani akaja kwa madaha na kilemba chake kipya. Alipoikuta ngoma uwanjani akadhani wamembebea kwa heshima. Ilikuwa desturi fundi apige pigo la kufungulia, kisha ampishe mpigaji. Nyani akainua mkono, akapiga.

Ngoma ikasema: bwe.

Akapiga tena. Bwe. Akapiga mara ya tatu. Bwe. Wageni wakacheka, na bwana harusi akafunika uso.

"Nani kailaza ngoma yangu umandeni?" Nyani akafoka. "Hii ni ngozi, si jiwe! Ngozi hupashwa moto, hupakwa mafuta, hupumzishwa. Usipoitunza hailii."

"Ni mimi," akasema Mama Kanga. "Lakini usijali, Fundi. Dawa yake ninayo."

Akaisogelea ngoma, akaiinamia kama anayeongea na mtoto. "Ewe ngoma, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lia." Akapiga. Bwe. "Mchumia juani hulia kivulini. Lia." Bwe. "Mvumilivu hula mbivu. Lia." Bwe.

"Mbona hailii, Fundi? Methali ni zile zile."

"Ngoma haisikii methali, wewe," akasema Nyani. "Nimekwambia ina ngozi."

Mama Kanga akamwita Ngedere, akaishika mikono yake, akaiinua juu mbele ya watu wote. "Na hii ina nini?"

Mama yake bwana harusi akaanza kulia.

Mzee Pofu akasimama. "Washeni moto. Ngoma ikae upande huu, binti akae upande ule. Mafuta yaanzie kwa binti. Na wewe Fundi, ngozi ikikaza, utapiga wewe."

Ngozi ikakaza. Nyani akapiga. Wimbo wa kwanza alitabasamu. Wimbo wa pili kilemba kilianguka. Wimbo wa tatu akasema kwa sauti ndogo, "Mzee Pofu, viganja vinawaka."

Watu wote wakamgeukia Mama Kanga. Mnataka amjibu nini? Mimi ningemwambia apige, na methali juu yake. Lakini Mama Kanga ana moyo kuliko mimi.

"Pumzika, Fundi," akamwambia. "Na wewe una ngozi."

Ngedere alikaa miezi bila kugusa ngoma. Aliporudi, aliosha mikono kwa maji ya vuguvugu kwanza. Alipiga kidogo kabla ya kupiga sana, na akichoka aliacha, kesho akaendelea. Mzee Pofu alipomwoza binti yake, Ngedere ndiye aliyepiga, na walioko ng'ambo ya mto walitupa majembe wakaja. Nyani naye alisikiliza akiwa amekaa, na sugu yake iko pale pale mpaka leo.

Basi ninyi mnaofundisha watoto kupiga, kuimba na kupuliza, nisikilizeni. Ngozi ya ngoma ikipasuka tutawamba nyingine. Ya mpigaji tutaiwamba kwa ngozi ya nani?

Hadithi yangu imechoka, nailaza mkekani, ifunikeni vizuri. Na mmoja wenu aniletee maji, koo limekauka na mimi si ngoma.