Perege wa Upande wa Mawimbi

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya wenye usingizi. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, korongo alipokuwa bado anaombwa ushauri, palikuwa na kijiji kando ya ziwa, na kila ukoo ulikuwa na jiwe lake la kuvulia. Jiwe la babu yako ndilo lako. Kuvulia kwingine ilikuwa aibu, kama kwenda kula kwa jirani bila kuitwa.

Basi upepo ukavuma, ukavuma, ukavuma. Watu wakakaa juu ya mawe yao, wakarudi mikono mitupu. Binti mmoja, Nyanjura, naye alirudi mikono mitupu, na nyumbani dada yake alikuwa amejifungua, maziwa hayatoki, mtoto analia mpaka sauti imekauka. Mkunga akasema, "Huyu mzazi anataka supu ya perege. Leo, si kesho."

Nyanjura akamwendea Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja.

"Shikamoo, babu. Upepo ukivuma, samaki huenda wapi?"

"Marahaba. Huzama chini kutafakari."

"Wanatafakari nini?"

"Mambo mazito, mjukuu wangu. Huwezi kuyaelewa."

"Na wewe umekula lini?"

Korongo akabadilisha mguu.

Akamwendea Kiboko. "Shikamoo, mjomba. Upepo ukivuma, samaki huenda wapi?"

"Mimi nakula nyasi, mama. Niulize nyasi."

Angalau huyo alisema kweli.

Akamwendea Mdiria, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, aliyekuwa akiwinda ng'ambo, kwenye mawimbi. "Shoga, upepo ukivuma, samaki huenda wapi?"

"Upepo siujui. Najua vijidudu vinasukumwa huku, na perege ana tumbo kama wewe. Mbona nyote mmejazana kule kwenye maji yaliyotulia?"

"Mawe yetu yako kule."

Mdiria akacheka mpaka samaki wake akamponyoka.

Nyanjura akarudi kuchukua mwanzi wake wa kuvulia, akazunguka tena ziwa. Wenye mawe wakapaza sauti, "We binti! Umefukuzwa kwenu?" Hakugeuka.

Akatupa mshipi, upepo ukamrudishia usoni. Akafunga jiwe, mshipi ukazama, ndoana ikanasa kwenye magugu. Akafunga changarawe, ndoana ikashuka vizuri, lakini chelezo, kile kipande cha bua kinachotikisika samaki akidonoa, kilirukaruka na kila wimbi kama mwongo mbele ya baraza. Sasa samaki ni yupi na wimbi ni lipi?

Akakikata, akakitupa. Akainamisha ncha ya mwanzi mpaka karibu iguse maji, ili upepo usipate mshipi wa kuchezea. Akauzungusha mshipi kwenye kidole cha shahada, akafumba macho.

Tu, kidole kikasikia. Tu. Tuuu!

Perege! Mpana kuliko kiganja, anapiga mkia. Na mwingine. Na mwingine.

Dada yake akanywa supu, akanywa tena, akanywa tena. Jua likielekea kuzama, mtoto akawekwa kifuani. Akavuta, akakasirika, akavuta. Kisha wote wakasikia koo lake: gu, gu, gu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ondokeni polepole, mtoto amelala.